Kutoka Korona Hadi Kata: Mingoyo na Vijiji vya Kazi vya Ghuba ya Lindi

Abiria anayetoka Mtwara kwa basi akifika Mnazi Mmoja tayari yumo ndani ya Manispaa ya Lindi. Bahari haioni, wala maghorofa, na mji wenyewe bado uko mbele zaidi ya kilomita 20. Anachokiona ni njia panda: barabara moja inaelekea Lindi, nyingine Masasi, na ya tatu ndiyo aliyojia. Hata hivyo, kwa mipaka ya serikali, Mnazi Mmoja na jirani yake Mingoyo ni kata za mjini, sawasawa na Rahaleo, Mikumbi au Makonde. Upande wa kaskazini ni vivyo hivyo. Mbanja, yenye Kikwetu na uwanja wake wa ndege, nayo ni kata ya manispaa, ijapokuwa mkazi wa Kikwetu akiaga kwamba anakwenda mjini, nyumbani wanajua hatarudi kabla ya jioni.

Miji mingi ya pwani yetu imekua kwa kumeza vijiji vya wakulima na wavuvi. Lindi imevimeza hivyo pia, lakini pamoja navyo imemeza kitu ambacho historia zetu hukipita haraka: makambi ya kazi ambayo kazi yake ilikwisha zamani. Mwajiri aliondoka kwanza, mji ukaja baadaye, na kati ya hapo ilipita miaka mingi ambayo mahali pale hapakuwa kambi wala mtaa. Sura hii inahusu jinsi watu walivyoivuka miaka hiyo, na kwa nini baadhi ya makambi yalibaki na mengine yakarudi kuwa msitu.

Tuanze na lililorudi kuwa msitu, kwa kuwa ndilo lenye sifa kubwa duniani. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipita karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi, akaona mfupa mkubwa ajabu umetokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin yalichimba pale chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi mkuu wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Kazi ilipopamba moto, vibarua walifika takribani 500, wengi wakiwa na wake na watoto, kwa hiyo palikuwa na kijiji kamili chenye njia zake, visima vyake na ngoma zake. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Dinosaria aliyesimamishwa Berlin anapita mita 13 kwa urefu wa kwenda juu. Kijiji chenyewe hakikuacha hata mtaa. Mwajiri alikuwa mmoja, kazi ilikuwa moja, na barabara ya mahali pale haikuwa ikimpeleka mtu pengine.

Mingoyo ni hadithi nyingine, na jambo la kwanza lililoitofautisha ni maji. Mto Lukuledi unashuka kutoka pande za Masasi, unafuata bonde lililo kati ya Uwanda wa Makonde upande wa kusini na vilima vya Rondo upande wa kaskazini, kisha unaingia Ghuba ya Lindi kwa hori refu lililofungwa na mikoko. Maji yakijaa, chombo kinaweza kupanda hori hadi ndani kabisa. Mingoyo ipo pale ambapo chombo kinakoma na miguu inaanza. Misafara ya kutoka pande za Ziwa Nyasa ilikuwa ikishuka kwa mabonde ya namna hii na pembe za ndovu, watumwa, na baadaye mpira. Kilwa Kivinje ndiyo iliyovuna zaidi katika biashara hiyo, lakini Lindi nayo ilikuwa na sehemu yake, na hori likawa kama uchochoro wa nyuma wa bandari.

Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, uchochoro huo uligeuka njia ya vita. Waingereza waliokuwa wameshaishika Lindi walipanda bonde la Lukuledi kumfuata kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na shehena za risasi na chakula zikapitia hori hili. Mapigano yalipanda na bonde: Narunyu, Mtama, Nyangao, hadi Mahiwa, ambako kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba yalipiganwa mapambano mabaya kuliko yote ya Afrika Mashariki katika vita vile. Upande wa Waingereza peke yake waliuawa au kujeruhiwa watu zaidi ya 2,000, wengi wao Waafrika kutoka King's African Rifles na kutoka Nigeria. Wapagazi waliokufa nyuma ya mstari kwa kuhara na uchovu hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Vita vilipokwisha, bonde lilibaki na njia pana kuliko ilivyokuwa, na mashamba ya Wajerumani yakangojea wamiliki wapya.

Zao la mashamba hayo lilikuwa mkonge. Mche wake uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, nayo ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka huko mkonge ulienea Tanga, Morogoro na pwani ya kusini: Kikwetu kaskazini mwa ghuba, Kitunda ng'ambo ya mji wa Lindi, na ndani ya bonde kuanzia Mingoyo kwenda juu. Kusini haikufikia Tanga kwa wingi wa mkonge hata siku moja, lakini kwa Lindi ulikuwa ndio mshahara.

Asiyeielewa korona hawezi kukielewa kijiji cha mkonge. Jani la mkonge ni zito, limejaa maji, na singa zinazopatikana ndani yake ni kiasi cha sehemu nne tu katika mia. Zinazobaki ni takataka. Tena jani likishakatwa halingoji: likikauka kabla ya kukamuliwa, nyama yake inagandamana na singa na kazi inaharibika. Kwa hiyo huwezi kukata mkonge Kikwetu ukaupeleka kiwandani Dar es Salaam, wala hata Lindi mjini. Kiwanda lazima kiwe shambani, karibu na maji mengi, kwa sababu mashine yenyewe, ambayo kila mtu wa mkonge anaiita korona, inapiga majani kwa ngoma zenye visu butu huku maji yakiosha. Mashine ikiwa shambani, na shamba likiwa maelfu ya ekari, wafanyakazi nao lazima walale shambani. Toroli zinaleta mafungu ya majani kwa reli nyembamba, korona inanguruma tangu alfajiri, singa zinaanikwa kwenye nyaya, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Mfereji wa takataka una harufu inayofika mbali sana, na nyumba za vibarua kwa kawaida ndizo zilizokuwa zikiupokea upepo huo. Nyumba ya meneja ilikuwa juu ya kilima.

Ndiyo maana korosho haikuzaa kijiji cha namna hiyo. Korosho inakaa ghalani miezi, mkulima analala kwake, kiwanda kinaweza kuwa popote. Katika miaka ya 1970 serikali ilijengewa viwanda vya kubangulia korosho, vikiwemo vya Lindi, Mtama na Nachingwea, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Vingi vilifanya kazi kwa muda mfupi, vingine vikageuka maghala. Vilipofungwa watu walipoteza ajira, na hilo ni pigo, lakini hawakupoteza kitongoji. Wa mkonge walipoteza vyote viwili kwa mpigo.

Nani walilala katika laini za vibarua za Lindi? Kiini cha jibu kipo ng'ambo ya Mto Ruvuma. Wamwera, Wayao na Wamakua wa karibu walipenda kufanya kibarua cha muda na kurudi kwenye mashamba yao, jambo lililowaudhi mameneja kupita kiasi. Waliojaza makambi kwa miaka mingi ni Wamakonde wa Msumbiji, waliovuka mto kukimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno. Upande huu walikuta kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambayo ikijaa ndipo mtu analipwa. Siku ambayo ngwe haikumalizika haikuhesabiwa, hata kama mtu alikaa juani kutwa. Kulikuwa na posho, kulikuwa na nyapara, na kulikuwa na duka la mkopo ambalo deni lake lilimfunga mtu kwa uthabiti kuliko mkataba. Wafanyakazi walioajiriwa kutoka mbali waliitwa manamba, na jina hilo likabaki tusi la mjini muda mrefu baada ya kipande kufutwa.

Lakini kambi si kipande tu. Watu wa laini walileta ngoma yao ya vinyago, mapiko, wakaoa, wakazika wafu wao hapo, wakaanzisha vyama vya kusaidiana. Baadhi ya vyama vya Wamakonde waliokuwa kwenye mashamba ya mkonge na bandarini Tanganyika vilizaa MANU, moja ya vyama vitatu vilivyoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuunda FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Wanahistoria wa ukombozi huanza na viongozi waliosoma ng'ambo. Mimi ningeanza na foleni ya kujaziwa kipande.

Sasa inabidi nivuke bahari kidogo, hadi Uingereza, kwa sababu sura iliyofuata ya maisha ya Mingoyo ilipangwa na warithi wa kijiji cha kiwanda cha Kiingereza. Mwaka 1888 William Lever, mtengenezaji wa sabuni, alianza kujenga, kwenye ardhi ya tope ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool, kiwanda na ubavuni mwake kijiji alichokiita Port Sunlight, kwa jina la sabuni yake. Zilikuwa nyumba nzuri, karibu 900 zilipokamilika, zilizochorwa na wasanifu wengi ili barabara zisifanane, pamoja na bustani, shule, ukumbi na, mwaka 1922, jumba la sanaa lenye jina la mkewe. Mpangaji alikuwa mfanyakazi wa Lever. Akiacha kazi, aliacha na nyumba. Polepole miji ya jirani ilikua ikakizunguka, na katika miaka ya 1980 nyumba zilianza kuuzwa kwa mtu yeyote mwenye fedha. Leo ni kitongoji cha watu wenye kipato, wengi wao hawana uhusiano wowote na sabuni.

Sabuni na siagi ya mimea vinahitaji mafuta. Kampuni ya Lever ilikua ikawa Unilever, na tawi lake la biashara za Afrika, United Africa Company, lilikuwa na mkurugenzi aitwaye Frank Samuel. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, Samuel alipendekeza serikali ilime karanga kwa matrekta Tanganyika. Serikali ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo nchini humo, akaangalie kwa wiki chache; akarudi na mpango wa ekari 3,210,000, sehemu kubwa kabisa ikiwa Jimbo la Kusini. United Africa Company ndiyo iliyoanza kuusimamia, kabla ya shirika la serikali kuupokea mwaka 1948. Matrekta hayakutosha, vikaletwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kulimia. Ardhi ya shamba la Kongwa, katikati ya nchi, ikivunja majembe, mvua ikikataa, fedha zikiyeyuka, waziri John Strachey aliendelea kuutetea bungeni. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulivunjwa, ukiwa umekula takribani pauni milioni 36.

Kwa watu wa hori la Lukuledi karanga zilimaanisha bandari na reli. Shamba la kusini lilikuwa Nachingwea, bara, na mizigo mizito haikuweza kwenda huko kwa barabara ya udongo. Bandari ya Mtwara ilikuwa bado ndoto. Basi ukajengwa ukingo wa muda Mkwaya, ndani ya hori, matishari yakawa yanapanda na maji kutoka melini, na reli ikaanzia hapo kuelekea Nachingwea. Kwa miaka michache Mkwaya na Mingoyo zilikuwa mahali ambapo mtu aliyechoka na mkonge angeweza kupata kazi ya chuma: kupakua, kutandika mataruma, kuendesha, kutengeneza. Bei ya mkonge nayo ilipanda sana wakati wa vita vya Korea. Sijui muongo mwingine ambao bonde hili liligombewa na waajiri wawili kwa wakati mmoja.

Neema ikapita upesi. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi vibaya. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalihamia Mtwara, ambako gati la maji marefu lilifunguliwa mwaka 1954, na reli ikaunganishwa na huko. Mkwaya ikapoteza meli. Kisha reli yenyewe ikakosa mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Waliolilia Lindi kwa kuporwa ukuu na Mtwara walikuwa na haki ya kulia, ila nadhani walikosea adui. Hori lile halikuweza kupokea meli kubwa hata likipewa cheo gani. Ujenzi wa Mkwaya ulikuwa wa kungojea Mtwara tangu siku ya kwanza, na waliohamia huko kutafuta maisha hawakuambiwa.

Nachingwea ilipata bahati ya ajabu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 mashamba yale ya karanga yalipewa FRELIMO, na kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji, iliyoongozwa na Samora Machel, ikawa pale. Watoto wa wale waliovuka Ruvuma kukata mkonge walirudi kwao kupitia shamba ambalo warithi wa Port Sunlight waliota kulijaza karanga.

Mkonge uliporomoka baadaye kidogo. Tanganyika, iliyokuwa mzalishaji wa kwanza duniani, ilitoa takribani tani 230,000 mwaka 1964. Kisha kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikaanguka, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Ni desturi kulaumu utaifishaji peke yake, na wale waliokuwepo hawakosi visa vya spea zilizokosekana na mameneja waliobadilishwa kila mara. Lakini bei ilikuwa imeanguka dunia nzima, na mashamba ya Lindi, madogo na ya mbali, yalikuwa dhaifu tangu awali. Mche wa mkonge unaishi miaka kumi hivi, unatoa mlingoti, unakufa. Asipokuwapo wa kupanda upya, shamba linajifunga lenyewe bila amri ya mtu.

Wakati huo ndipo ilipodhihirika tofauti kati ya Tendaguru na Mingoyo. Laini za vibarua zilibaki na watu ambao wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, au kwao palikuwa vitani. Wakapanda mihogo, minazi na mikorosho kati ya mistari ya mkonge. Wakavua horini. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakuta wameshakusanyika tayari, na iliwaongezea majirani. Zaidi ya hayo, Mingoyo ilikuwa na barabara. Reli ilipong'olewa mizigo ya Masasi na Nachingwea haikutoweka. Ilihamia kwenye malori, na malori yote yalipaswa kupita njia panda ya Mnazi Mmoja. Daraja la Rufiji, lililopewa jina la Mkapa, lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko, na lami ilipofika hatua kwa hatua, magari yakaongezeka mara nyingi. Waliokuwa wakiwauzia manamba chai na mihogo wakawauzia makondakta na abiria.

Hili ndilo ninalolisisitiza katika sura nzima. Vijiji vya mkonge vya Lindi havikuokolewa na yeyote aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara. Viliokolewa na mama lishe, wavuvi, wachuuzi, mafundi baiskeli, watu ambao kampuni iliwaona kama wadandiaji na mara nyingine ikawafukuza mpakani mwa shamba. Wao hawakutegemea mteja mmoja. Pale ambapo walikuwa wengi, kijiji kilipona. Ndani kabisa ya mashamba, mbali na barabara, ambako kila kitu kiliuzwa na duka la kampuni, kuta za laini zimemezwa na vichaka.

Njia panda nayo si salama kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zilitengana na Dar es Salaam. Meza za Mnazi Mmoja zinajua gharama ya siku kama hizo.

Kuingizwa katika manispaa kulikuja juu ya hali hii, kwa mipaka na matangazo, siyo kwa nyumba kufuatana hadi zikagusana. Port Sunlight ilifikiwa na mji kwa miguu, kwa kusema. Mingoyo ilifikiwa kwa kalamu. Kwa mkazi mabadiliko yalikuwa ya aina ya pekee: serikali ya kijiji ikawa serikali ya mtaa, ardhi ikaanza kuzungumzwa kwa viwanja badala ya ekari, na mihogo ikabaki palepale. Wapo wanaoona ni kichekesho. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa hadhi ya mji inabadilisha ardhi ni ya nani na inauzwaje, na kijiji cha kambi ndicho mahali ambapo watu waliishi vizazi vitatu bila kuwa na karatasi ya chochote.

Karatasi hizo zina uzito kwa sababu kambi nyingine iko njiani. Katika kata ile ile ya Mbanja, jirani na Kikwetu, uko mtaa wa Likong'o, uliochaguliwa kuwa mahali pa kiwanda cha kugandisha gesi asilia ya bahari kuu kuwa kimiminika. Shirika la Maendeleo ya Petroli lina hati ya zaidi ya hekta 2,000 pale, wakazi walilipwa fidia wakapisha, na Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell. Mradi unatajwa kwa makumi ya mabilioni ya dola. Maelfu ya watu watahitajika wakati wa kujenga, na wachache sana baada ya hapo, kwa maana kiwanda cha gesi si korona. Hakitaki mikono mingi kukilisha kila siku.

Kwa hiyo swali la makazi linaangukia miaka ile ya ujenzi, nayo ni michache. Kampuni za namna hii hupenda kambi iliyozungushiwa uzio, yenye jiko lake, kliniki yake na duka lake, kwa sababu za usalama ambazo si za uongo. Kama uamuzi ungekuwa wangu, ningeweka uzio kwenye mitambo tu. Vyumba vya wajenzi ningevijenga Kikwetu, Mchinga, Lindi mjini na hata Mnazi Mmoja, vya kudumu, vya kupangishwa na baadaye kuuzwa kwa mtu yeyote, na chakula ningekinunua mezani kwa mama lishe badala ya kukileta kwa kontena. Itakuwa ghali zaidi kwa usafiri, na wahandisi watalalamika kuhusu maji ya Kikwetu, ambayo kweli ni shida. Bomba la maji, hata hivyo, litahitajika Likong'o kwa vyovyote vile, na mahali litakapopita kabla ya kufika huko ni jambo la kujadiliwa sasa, michoro ikiwa bado mezani.